Gary Gygax: Fundi viatu aliyefuga majoka

Mwishoni mwa Machi 2023, Ramadhani ikiwa katika wiki yake ya pili, majumba ya sinema ya Dubai, Deira ikiwamo, yalianza kuonyesha filamu yenye majoka, wachawi na wezi wenye mioyo mizuri. Jina lake ni Dungeons & Dragons: Honor Among Thieves, ambalo kwa Kiswahili ni kama kusema Mashimo na Majoka: Heshima Miongoni mwa Wezi.

Deira ni mahali ambapo simulizi za namna hiyo hazimshangazi mtu. Katika vichochoro vya Naif na Al Sabkha, wafanyabiashara kutoka Kariakoo na Eastleigh hupatana bei za vitambaa na simu, na si ajabu kujibiwa kwa Kiswahili. Hatua chache kutoka hapo, kando ya khori, majahazi hupakia shehena kama yalivyofanya tangu enzi za pepo za kaskazi na kusi, zilizosafirisha mizigo na hekaya kati ya Ghuba na pwani ya Afrika Mashariki.

Filamu hiyo ilichekesha, na wahakiki wengi waliisifu. Lakini ni watazamaji wachache waliojua kwamba nyuma yake alikuwako mtu aliyewahi kuhamia Hollywood kwa ajili ya kuitafuta. Hakuipata. Alipokuwa akiihangaikia, kampuni aliyoianzisha ilimponyoka mikononi, naye akafariki dunia miaka 15 kabla ya filamu hiyo kutoka.

Mwana wa mpiga fidla

Ernest Gary Gygax alizaliwa Chicago, Marekani, tarehe 27 Julai 1938. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Uswisi aliyewahi kupiga fidla katika okestra mashuhuri ya jiji hilo. Mwaka 1946, mtoto akiwa na umri wa miaka minane, familia ilihamia Lake Geneva, mji mdogo wa kando ya ziwa katika jimbo la Wisconsin.

Baba huyo alikuwa msimulizi. Usiku alimpa mwanawe hadithi za wachawi, majitu na mashujaa, na kijana akaendelea mwenyewe kwa kusoma magazeti ya hadithi za bei rahisi, hasa zile za Robert E. Howard, mtunzi wa Conan. Shuleni hakung'ara. Baba alifariki mwaka 1956, na kijana aliyekuwa ameacha shule ya sekondari bila cheti akajaribu jeshi la wanamaji, ambako alirudishwa nyumbani haraka kwa sababu ya maradhi ya mapafu.

Mwaka 1958 alimwoa Mary Jo Powell, na watoto watano wakafuata. Ili kuwalisha, alifanya kazi katika kampuni ya bima mjini Chicago. Kazi yake ilikuwa kupima hatari: ni uwezekano gani nyumba hii kuungua, au mteja huyu kufa kabla ya wakati. Inafaa kuikumbuka kazi hiyo. Baadaye, pale ambapo watunzi wengine wangeandika tu kwamba shujaa alimkata joka kwa upanga, yeye aliandika jedwali la uwezekano wa upanga kumfikia joka, na mizani akaiachia dadu.

Saa za mapumziko alizitumia katika michezo ya vita ya mezani, ile inayochezwa kwa ramani na vikosi vya askari wadogo wa plastiki au risasi. Mwaka 1968 alikodi ukumbi mmoja wa Lake Geneva kwa dola 50 na kuwaalika wapenzi wa michezo hiyo. Mkusanyiko huo ulipewa jina la Gen Con. Ungali unafanyika kila mwaka, sasa katika jiji la Indianapolis, na huvuta makumi ya maelfu ya watu.

Mwaka 1970 alipoteza kazi ya bima. Akiwa na watoto wa kulea, alijifunza kutengeneza viatu, akafunga mashine katika chumba cha chini ya nyumba yake, akawa fundi. Mchana aligonga soli. Usiku alipiga taipu kanuni za michezo.

Mgeni kutoka Minnesota

Hapa ndipo simulizi ya mtu mmoja inapokuwa ya wawili, na haki inadai isemwe hivyo.

Mwaka 1971 Gygax na mwenzake Jeff Perren walichapisha kanuni za vita vya zama za kati, zilizoitwa Chainmail. Mwishoni waliongeza kurasa chache za majoka na wachawi. Kijitabu hicho kilimfikia Dave Arneson, kijana wa Minnesota, ambaye alikuwa na kikundi chake cha wachezaji. Arneson alikuwa amefanya jambo ambalo michezo ya vita haikuwa imelizoea: kila mchezaji hakuongoza jeshi bali aliishi ndani ya mtu mmoja, mwenye jina, silaha na woga wake. Mtu huyo alishuka mashimoni kutafuta hazina, na kama hakufa, alirudi wiki iliyofuata akiwa na maarifa zaidi.

Mwishoni mwa mwaka 1972 Arneson alisafiri hadi Lake Geneva kumwonyesha Gygax mchezo wake. Gygax alikesha. Kwa wiki chache alikuwa ameandika kurasa 50 za kanuni, kisha karibu 150, akizijaribu mezani na wanawe wakubwa, Ernie na Elise.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona, mchezo wenyewe hauna ubao wala mshindi. Mmoja wa wachezaji huwa msimulizi. Huwaambia wenzake wamesimama wapi na mbele yao kuna nini. Wenzake hujibu wanachofanya: kukimbia, kupigana, kumdanganya mlinzi. Penye shaka, dadu hutupwa, nyingine zikiwa na pande 20. Ni kama kikao cha ngano cha bibi na wajukuu, isipokuwa hapa wajukuu wana ruhusa ya kumwingia sungura na kuamua wenyewe kama atamtoroka simba, na bibi halazimiki kuhakikisha kwamba sungura atasalimika.

Nakala elfu moja

Hakuna kampuni iliyoutaka mchezo huo. Mwezi Oktoba 1973, Gygax na rafiki yake wa utotoni, Don Kaye, walianzisha kampuni yao, TSR, kila mmoja akiwa na mtaji wa dola 1,000. Kaye alikopa sehemu yake kwa dhamana ya bima yake ya maisha. Haukupita muda, Brian Blume akajiunga kwa dola 2,000.

Dungeons & Dragons ilitoka Januari 1974. Zilichapishwa nakala 1,000, zikapangwa kwa mkono katika masanduku na kuuzwa dola 10 kila moja. Kabla ya mwaka kwisha zote zilikuwa zimenunuliwa.

Januari 1975 Don Kaye alifariki ghafla kwa maradhi ya moyo, akiwa bado katika miaka ya 30. Hisa zake zilihitaji kununuliwa, na Gygax hakuwa na fedha. Zilinunuliwa na baba yake Brian Blume, na baadaye zikawa za ndugu yake Brian, Kevin. Hivyo, mwaka mmoja tu baada ya kuzaliwa kwa mchezo, mwanzilishi alikuwa mwenye hisa chache ndani ya kampuni yake mwenyewe. Jambo hilo halikuonekana kuwa zito wakati ule, kwa kuwa fedha zilikuwa zinaingia na wote walikuwa marafiki.

Na Arneson? Alifanya kazi kwa muda mfupi katika kampuni hiyo na kuondoka mwaka 1976. Gygax alianza kuandika toleo jipya, kubwa zaidi, ambalo jina la Arneson halikumo tena katika nafasi ya mtunzi. Mwaka 1979 Arneson alikwenda mahakamani kudai mrabaha, na mwaka 1981 pande mbili zikapatana. Wapenzi wa Gygax hupenda kupita haraka katika ukurasa huu. Lakini ni vigumu kumhurumia kwa yale yaliyomkuta baadaye bila kukumbuka kwamba yeye naye alikuwa amekwisha kumsukuma mwenzake kando.

Majini kutoka Baghdad

Gygax aliokota popote. Kutoka vitabu vya J.R.R. Tolkien alichukua viumbe wafupi wenye miguu ya manyoya, hadi wenye haki za vitabu hivyo walipotishia kushtaki na jina la viumbe hao likabadilishwa. Kutoka Ugiriki alichukua Medusa. Na kutoka Alfu Lela U Lela alichukua majini.

Katika vijitabu vya kwanza vya mwaka 1974 tayari wamo majini wa upepo na maafriti wa moto, pamoja na ndege rok, yule aliyemnyanyua Sindbad Baharia. Mtoto wa Unguja au Lamu aliyelelewa kwa hekaya hizo angewatambua mara moja, kama ambavyo angewatambua mtoto wa Deira. Wamewafikia watoto hao kwa njia ya jahazi, mdomo kwa mdomo, na wakawa Waswahili kiasi kwamba wengine hupungwa kwa ngoma. Gygax aliwapata kwa njia ndefu zaidi: kutoka Kiarabu hadi Kifaransa cha Antoine Galland mwanzoni mwa karne ya 18, kisha Kiingereza, kisha mezani Wisconsin, ambako jini alipimwa, akapewa idadi ya nguvu za uhai na kuwekwa katika jedwali.

Kuna wanaoliona hilo kama uporaji. Pengine. Lakini hadithi za Sindbad nazo zina viumbe vinavyofanana na vya masimulizi ya Wagiriki na Wahindi, na hakuna bandari ya bahari hii inayoweza kudai kwamba haikuazima.

Tuhuma za ushetani

Mwaka 1979 mwanafunzi mmoja alitoweka katika Chuo Kikuu cha Michigan State. Mpelelezi aliyekodiwa na familia alidhani kwamba kijana huyo alikuwa akiucheza mchezo huo kwa vitendo katika mahandaki ya mvuke chini ya chuo. Dhana hiyo haikuwa sahihi. Kijana alipatikana hai mbali na hapo, akiwa na masumbuko ambayo hayakutokana na mchezo, lakini magazeti yalikuwa yamekwisha kusema yao.

Miaka iliyofuata, makundi ya Kikristo nchini Marekani yalidai kwamba mchezo unawafundisha vijana uchawi na kuwasukuma kujiua. Mwaka 1985 kipindi cha televisheni cha 60 Minutes kilimhoji Gygax kuhusu tuhuma hizo. Alipokea vitisho vya kuuawa, akaajiri mlinzi. Uchunguzi uliofanywa baadaye haukupata ushahidi kwamba wachezaji walijiua zaidi ya vijana wengine.

Ajabu ya mambo ni kwamba mtu aliyeitwa wakala wa shetani alikuwa kwa miaka mingi muumini wa Mashahidi wa Yehova. Ajabu nyingine ni kwamba kelele hizo ziliongeza mauzo mara nyingi.

Njia ya Hollywood

Kufikia mwaka 1983 TSR ilikuwa na mamia ya wafanyakazi na mapato ya mamilioni ya dola. Ndugu wawili Blume walishika uendeshaji. Gygax, ambaye ndoa yake ya kwanza ilivunjika mwaka huo, alitumwa California kufungua tawi la burudani. Alikodi jumba la kifahari huko Beverly Hills lililowahi kuwa la mwongozaji filamu King Vidor.

Alifanikiwa kupata mfululizo wa katuni, ulioonyeshwa na televisheni ya CBS kuanzia 1983 hadi 1985, kuhusu watoto sita wanaopotelea katika dunia ya majoka. Lakini alichokitaka hasa kilikuwa filamu kubwa ya sinema. Alikutana na watayarishaji, akazungumza na waandishi, akasubiri. Wakati huo nyumbani Wisconsin kampuni ilikuwa ikizama. Aliporejea aliambiwa kwamba inadaiwa na benki takriban dola milioni 1.5, na kwamba kulikuwa na mazungumzo ya kuiuza.

Aliacha filamu na kuanza kupigana. Alifaulu kumwondoa Kevin Blume katika uongozi, akatumia haki aliyokuwa nayo ya kununua hisa zaidi na kujipatia nguvu ya kura. Aliandika vitabu vipya haraka ili fedha ziingie. Alihitaji pia meneja anayejua hesabu. Huko Hollywood alikuwa amefahamiana na mwandishi wa filamu Flint Dille, na Dille alimtambulisha kwa dada yake, Lorraine Williams. Gygax alimwajiri mwaka 1985.

Oktoba mwaka huo huo, ndugu Blume walimuuzia Williams hisa zao zote. Gygax aliingia katika kikao cha bodi akiwa mwenyekiti na kutoka akiwa si mwenyekiti. Alikwenda mahakamani kuupinga uuzaji, akashindwa. Mwishoni mwa mwaka 1986 alikuwa amekatika kabisa na kampuni, na kwa kuwa haki za mchezo zilikuwa za kampuni, alikatika na mchezo pia.

Wengi wamemchora Williams kama mwovu wa hadithi hii, naye hakuwahi kupendwa na wachezaji. Lakini alinunua kilichokuwa kinauzwa, kwa njia ambayo hakimu aliiona kuwa halali, na kampuni iliyokuwa karibu kufilisika ikaishi miaka mingine kumi na zaidi. Kosa lilikuwa la zamani zaidi: ni la mwaka 1975, pale hisa za marehemu Kaye zilipopita bila mwanzilishi kuweza kuzizuia.

Miaka ya nje

Kwa miaka ishirini iliyofuata Gygax aliandika riwaya na kubuni michezo mingine. Hakuna uliofika popote karibu na ule wa kwanza. Alipotoa mmoja mwaka 1992, TSR ilimshtaki kwamba unafanana mno na mchezo wake wa zamani. Kesi ilimalizwa kwa mapatano mwaka 1994. Si jambo la kawaida mtu kushtakiwa kwa kujiiga.

Mwaka 1997 TSR, ikiwa imeelemewa tena na madeni, ilinunuliwa na kampuni ya Wizards of the Coast, ambayo nayo ilinunuliwa na Hasbro mwaka 1999. Wamiliki wapya walimrudishia heshima, na akaandika tena katika jarida la mchezo huo. Mwaka 2000 sauti yake ilisikika katika katuni ya Futurama, akijiigiza mwenyewe.

Mwaka huo huo filamu ya kwanza ilitoka, iliyoongozwa na Courtney Solomon, mwongozaji ambaye hakuwa amefanya filamu kabla ya hapo. Ilikuwa na mwigizaji mkubwa wa Uingereza, Jeremy Irons, na joka wa kompyuta wasiotisha. Wahakiki waliiponda, na mapato yake hayakufikia gharama.

Gygax alipatwa na kiharusi mwaka 2004, na baadaye madaktari waligundua uvimbe katika mshipa mkuu wa damu. Aliendelea kucheza nyumbani kwake na wageni waliokwenda kumwona. Alifariki Lake Geneva tarehe 4 Machi 2008, akiwa na umri wa miaka 69. Dave Arneson alimfuata Aprili 2009.

Wezi wanaofika

Haki za filamu ziligombaniwa mahakamani hadi mwaka 2015. Ile iliyofika Deira mwaka 2023 iliongozwa na Jonathan Goldstein na John Francis Daley, na kupigwa picha Ireland ya Kaskazini na Iceland. Chris Pine anaigiza mwizi ambaye pia ni manju, anayetoroka gerezani pamoja na shujaa wa kike, Michelle Rodriguez, ili kumpata binti yake na kibao cha kumfufua mkewe. Regé-Jean Page, aliyekulia Harare kwa mama Mzimbabwe, ni shujaa mtakatifu asiyejua utani hata kidogo, na kwa hiyo ndiye anayechekesha kuliko wote.

Wakurugenzi hao walielewa jambo ambalo filamu ya mwaka 2000 haikulielewa. Mchezo wa Gygax haukupendwa kwa sababu ya majoka, bali kwa sababu mipango ya wachezaji huharibika. Mtu huandaa hila kubwa, dadu inakataa, na meza nzima inaangua kicheko. Katika filamu hiyo kila mpango unavunjika: wafu wanaofukuliwa wahojiwe wanaishiwa maswali yao matano kwa upuuzi, joka ni mnene kiasi cha kujiviringisha kama pipa, na daraja la kale linaporomoka kwa hatua moja ya mzembe.

Iligharimu takriban dola milioni 150 na kuingiza kiasi cha dola milioni 208 duniani kote, kiwango ambacho, kwa hesabu za Hollywood, ambako majumba ya sinema na matangazo hula sehemu kubwa, hakikutosha.

Mwishoni mwa filamu, mwizi anakipata kibao alichokitafuta. Kinaweza kumfufua mtu mmoja tu, mara moja tu. Mkewe amekufa miaka mingi iliyopita, na rafiki aliyemsaidia kumlea binti yake amelala mbele yake, ameuawa muda mfupi uliopita. Anamfufua rafiki.